Gunia la Kufunikia Udaga

Mtaalamu alikuja Bunda na ukungu wake ndani ya kiboksi cha barafu. Alikikumbatia kifuani kutoka kwenye gari hadi ndani ya maabara, na hakumruhusu mtu yeyote amsaidie. Sisi wenyeji tulisimama mlangoni tukimtazama. Huku kwetu mvua zikikolea, viatu ukivisahau uvunguni wiki mbili unavikuta vimeota manyoya, na huyu bwana alikuwa amesafiri na ukungu kutoka Dar es Salaam, kwa ndege hadi Mwanza na kwa gari hadi kwetu, akimuuliza dereva njia nzima kama kiyoyozi kinafanya kazi.

Nilimdharau kuanzia saa ile. Nalisema mapema ili msomaji ajue anamsikiliza nani. Mimi si mtu wa kusubiri ushahidi.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Musoma. Nilipanga chumba mtaa wa Mukendo, na kila asubuhi niliosha mirija ya kioo, nikaandaa majaribio, nikawazuia wanafunzi wasionje vitu visivyoonjwa. Mwalimu wa kemia alikuwa ananiita nimwashie jiko la gesi kwa sababu mlio wake ulimshtua. Alikuwa na shahada mbili. Nilipoona tangazo kwamba kuna mradi Bunda, kata ya Kabasa, unatafuta fundi, niliomba, nikapata, nikahama bila kumuaga.

Mradi ulikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na wazo sijawahi kulidharau. Bunda inalima pamba, na kila msimu ukiisha mkulima anaamriwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma ili wadudu wasivuke mwaka. Ndani ya miti hiyo kuna sukari nyingi, ila imefungwa, huwezi kuilamba. Ili kuifungua unahitaji kimeng'enya, yaani kitu ambacho viumbe hai hukitengeneza kwa ajili ya kukatakata kitu kikubwa kiwe vipande vidogo. Mate yako yanacho, ndiyo maana ugali ukiutafuna muda mrefu bila kumeza unaanza kuwa mtamu. Ukungu nao unacho cha kwake. Ukiulisha miti ya pamba iliyosagwa, unakitoa kwa wingi. Unakikamua, unakimimina kwenye mzigo mkubwa wa miti, miti inageuka sukari, sukari unaitia hamira inakuwa pombe kali, na pombe hiyo inaingia kwenye injini mahali pa petroli. Hatua ya kutoka kwenye sukari hadi kwenye pombe kali mkoa wetu haukuhitaji semina.

Vimeng'enya hivyo huwa vinanunuliwa nje. Mradi ulitaka vitengenezwe hapa hapa, kwa taka zetu. Tulisaga miti ya pamba, tukaichanganya na pumba na mashudu, tukailowesha, kisha tukaipika kwenye presha. Presha ni pipa la chuma lenye mfuniko wa kubana, linapika kwa mvuke mkali hadi kila kijidudu kilichomo kinakufa. Baada ya hapo tulitandaza mchanganyiko kwenye masinia na mtaalamu akapanda ukungu wake kwa kijiti, akiwa amevaa glavu, kofia, na barakoa. Ukungu ukaota mweupe kidogo pembeni, ukasimama. Umeme ukakatika siku mbili, ghala likawa joto, masinia yakaanza kutoa ute. Mtaalamu akasema tatizo ni maji ya Bunda. Tukaleta maji ya chupa. Akasema tatizo ni umeme. Mwishowe akasema tatizo ni usafi wa mikono ya kina mama wanne waliokuwa wanasaga miti, kina mama ambao hata chai hawanywi bila kunawa.

Halafu akasoma mahali kwamba ukungu ukikosa nitrojeni hauzai, akaagiza mapipa ya utumbo wa sangara na maji ya kuoshea minofu kutoka kiwanda cha samaki Musoma. Nilimwambia jua ni kali na lori halina turubai. Akaniambia, "Dada, hiyo ni malighafi, siyo kitoweo." Lori lilifika saa nane mchana. Mbwa wa Kabasa nzima walikuwa wanalifuata, na balozi wa mtaa alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Butiama ilikuwa mbaya zaidi. Tulikwenda Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia, kuwaeleza wakulima na wafugaji kwamba wanakalia utajiri. Mtaalamu aliwasha projekta, akaonyesha picha za mabua ya mahindi na mtama, akarudia neno taka kila dakika. Baba mmoja aliyekaa mbele na fimbo yake magotini akanyoosha mkono.

"Hiyo unaita taka," alisema, "ng'ombe zangu zinakulaga mwezi wa nane mpaka wa tisa. Ukichukua wewe, zenyewe zile nini? Hiyo projekta?"

Ukumbi ukacheka. Mtaalamu akasema, "Swali zuri sana," akabonyeza picha inayofuata. Nilikuwa nimekaa nyuma na furushi la vipeperushi ambavyo hakuna aliyevichukua, na nilifurahi kwa moyo wangu wote. Debe tupu haliachi kuvuma, na safari hii nilikuwa na kiti cha kulisikilizia.

Furaha hiyo ilikatwa na habari kwamba wageni wakubwa wa mradi wanakuja mwezi wa sita kuona sukari. Hatukuwa na sukari. Tulikuwa na ute na harufu ya samaki.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilikwenda nyumbani Bukima. Mama yangu anaishi pale peke yake tangu baba afariki, na kama kina mama wengi wa kule, anakula na kuuza udaga. Kwa asiyeujua: unamenya muhogo, unauacha jua la siku moja unyauke, unaurundika kwenye kona ya jiko, unaufunika majani na kitu kizito. Siku ya tatu au ya nne lundo linapata joto na kuota ukungu. Unaukwangua kwa kisu, unaponda muhogo uliolainika, unaanika, unasaga. Ugali wake una weusi kidogo, unavutika, na una harufu ambayo watu wa mjini huikunjia pua. Mimi niliikunjia pua miaka mingi. Nilipokuwa bweni niliwaambia wenzangu kwamba kwetu tunakula sembe.

Hiyo kazi siyo ya mapambo. Muhogo wa mama ni ule mchungu, nyani wenyewe wanaukwepa, na uchungu wake ni sumu. Ukungu mzuri ndio unaoulainisha mpaka sumu ikatoka. Lundo likiharibika na mtu akala hivyo hivyo, anapata kizunguzungu, anatapika, na mtoto mdogo unaweza kumzika. Lundo la mama halikuwahi kuharibika. Watu walitoka vijiji vya jirani kununua unga wake kwa ajili ya watoto walioachishwa ziwa, kwa sababu waliuamini.

Yeye alisema siri ni gunia. Lilikuwa gunia la mkonge alilopewa na mama mkwe wake, bibi yangu mzaa baba, limeshonwa viraka juu ya viraka. Halikufanya kazi nyingine ila kufunika lundo, na lilikuwa na miiko miwili: lisiguse maji, lisione jua. Lisipofunika, lilikaa juu ya dari ya jiko upande usio na moto. Tangu utoto nililiona kuwa chafu.

Jumamosi ile mama alilifunua mbele yangu ili akague. Joto likanipiga usoni. Ukungu ulikuwa umeshika kila kipande, mweupe na kijivu, na haukuwa umeishia kwenye muhogo. Ulikuwa umekula majani ya mgomba yakabaki nyuzi. Ulikuwa umeanza kula gunia lenyewe, na ndipo nikaelewa viraka vyote vile ni vya nini. Ukungu unaokula mkonge utashindwaje na mti wa pamba? Nilisimama pale jikoni nikaona aibu ya ajabu, maana nilikuwa nimelala nyumba moja na jibu la mtaalamu miaka kumi na nane.

"Mama, niazime hiyo gunia."

"Ya nini?"

"Ya kazini. Tunataka tuoteshe huo ukungu."

Akacheka. "Kumbe huko mnapikaga udaga."

"Siyo udaga. Tunalisha miti ya pamba."

"Na hiyo miti nani anakula?"

Nilijaribu kumweleza habari ya injini. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi anavyomsikiliza katekista. Kisha akawa analikunja gunia na kulikunjua.

"Mimi hii gunia sijawahi azima mtu," alisema. "Mawifi zangu waliombaga, nikawanyima. Wewe nakupa sababu ni wewe. Ila ile mihogo ya kule bondeni naing'oa mwezi wa saba, na ile ndio nakula mpaka mvua. Mwezi wa saba iwe hapa. Unajua ile ni michungu."

"Itakuwa hapa, mama."

"Isiguse maji."

"Najua."

"Na jua."

"Najua, mama."

Nilirudi nalo Kabasa kwenye mfuko mweusi wa plastiki.

Sikumwomba ruhusa mtaalamu. Nilikwangua unga kidogo wa ukungu kutoka kwenye gunia, nikaupanda kwenye visahani vya lishe, nikatenganisha ukungu mmoja na mwingine mpaka nikaupata ule mroho. Niliuweka kwenye masinia ya miti ya pamba. Umeme ulikatika, ukungu haukujali. Joto lilipanda, ukazidi kuota. Siku ya tano nilikamua maji yake, nikayamimina kwenye miti mingine iliyosagwa, nikasubiri siku nzima, kisha nikafanya jaribio lile lile nililowaandalia wanafunzi miaka yote: unatia dawa ya bluu, unapasha moto, na kama kuna sukari rangi inabadilika. Ikawa kijani. Ikawa njano. Ikatua kwenye rangi ya tofali la kuchoma, nzito, na imetokana na mti wa pamba. Nilicheka peke yangu kwa sauti, na mmoja wa kina mama akachungulia aone nacheka na nani.

Mtaalamu alipouona ule mrija alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia kwa mama yangu, Bukima, kwenye gunia la kufunikia udaga. Akaandika kwenye daftari lake: chanzo, mazingira asilia, Kanda ya Ziwa. Kisha akaupa namba. Kuanzia siku ile akawa anautaja kwa namba, na kunielekeza namna ya kuutunza.

Wageni walifika na mabuti meupe ya mpira ambayo hayajawahi kukanyaga tope. Asubuhi ile gunia lilikuwa linaning'inia kwenye msumari karibu na sinki. Mtaalamu akalinyooshea kalamu. "Dada, hilo tambara ondoa." Nikaliondoa haraka, nikalisukumia kwenye kabati la chini nyuma ya ndoo. Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Ukweli ni kwamba na mimi niliona haya mgeni asije akalisogelea. Wageni walipiga picha wameshika matawi ya pamba, wakapiga makofi mrija ulipogeuka rangi ya tofali, na mtaalamu akasema timu yake ilizunguka sana hadi kuupata ukungu huu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeushika mrija. Hakuna aliyemkaribisha mama yangu, na mimi sikumtaja. Nilijiambia ni mbali. Sababu halisi ni kwamba nilimwona kichwani mwangu amevaa kitenge cha kanisani, anawaambia wageni habari ya kukwangua, na nikaona bora abaki Bukima.

Wiki iliyofuata mtaalamu alifunga visahani vyote kwenye kile kiboksi chake cha barafu, akasema vinakwenda Dar es Salaam kuthibitishwa, na akatuagiza tusafishe kila kitu tusubiri maelekezo.

Kusafisha nilikujua. Mlangoni pa maabara kulikuwa na bango nililoliandika mwenyewe kwa kalamu nene: HAKUNA KITU KINACHOTOKA HUMU BILA KUPITA KWENYE PRESHA. Niliwahi kumfokea mama mmoja mbele ya wenzake kwa sababu alijifungia konzi ya mashudu ya masalia akawape kuku wake. Nilimuuliza kama anafikiri maabara ni jiko la kwao. Alirudisha yale mashudu.

Kwa hiyo nilipika. Nilipika masinia yote, chupa, miiko, vitambaa, mabaki yote ya ukungu wa namba. Nikafagia, nikafuta, nikafungua kabati la chini, na gunia likawa pale. Nilifikiri, na nataka ieleweke kwamba nilifikiri, halikunipita kwa bahati mbaya. Nilifikiri: tulichokitaka tumeshakitoa, kiko kwenye visahani, hili lililobaki ni gunia. Nilifikiri: sheria ni sheria, na kina mama wananitazama. Nililiweka kwenye mfuko wa kupikia, nikaufunga vizuri, nikaliingiza kwenye presha. Nilikumbuka hata ile miiko. Maji hayakuligusa, mfuko ulizuia. Jua halikuliona. Lilitoka laini, la moto, lina harufu ya nguo iliyopigwa pasi, na nikaona nimemfanyia mama hisani, maana sasa lilikuwa safi kuliko lilivyowahi kuwa. Nikalikunja pembe kwa pembe.

Nilifika Bukima siku za mwisho za mwezi wa sita, kabla ya muda niliopewa, nikijisifu moyoni. Mama alikuwa ameshaanza kung'oa. Mihogo ya bondeni ilikuwa imelala uani, nusu imemenywa. Alilipokea gunia kwa mikono miwili. Kisha akalipeleka puani.

Alinusa pembe moja. Akaligeuza, akanusa nyingine. Akalifungua lote, akainamisha uso katikati.

"Umeifua," alisema.

"Sijaifua, mama. Haijagusa maji."

"Basi umeifanya nini?"

Ndipo ikaniingia. Kazi yangu yote ilikuwa kujua kwamba kinachoingia kwenye presha kinatoka kimekufa. Nilikuwa nimewafundisha hivyo watoto wa watu.

"Nimeipika," nikasema.

"Umeipika," mama akarudia, taratibu, kama mtu anayehakikisha amesikia bei sawasawa. Hakunifokea. Alilitandika gunia magotini, akachukua kisu, akaendelea kumenya.

Alirundika hivyo hivyo, maana muhogo ukishamenywa haungoji. Akafunika majani mapya na gunia langu safi. Siku ya nne alifunua, na sikuhitaji maabara. Hapakuwa na joto wala weupe. Vipande vilikuwa na ute wa kijani na wekundu wekundu, na harufu ilitutoa wote jikoni. Alivunja kipande kimoja, kigumu katikati, akakigusisha ncha ya ulimi, akatema. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukafukia lundo zima, ndoo kwa ndoo, ili mbuzi wasifikie. Ilikuwa nusu ya shamba. Nusu nyingine ilikuwa bado ardhini, na hiyo tu ndiyo ilikuwa imesimama kati yake na njaa mpaka mvua.

Nilipanda kwenye jiwe nyuma ya choo, mahali penye mtandao, nikampigia mtaalamu. Nilimwomba kisahani kimoja tu. Nilimwambia nitakifuata mwenyewe Dar es Salaam.

"Dada, ile sasa ni mali ya mradi," alisema. "Ina namba, ina utaratibu."

"Imetoka kwa mama yangu."

"Nakuelewa kabisa. Lakini mama ni mtu wa nje. Aandike barua, ipite kwa mkurugenzi, wataangalia."

Nilimwambia mama yangu anakula muhogo, hali barua. Akavumilia, nikasikia anavuta pumzi kwa ustaarabu wake wote. Kisha akauliza, na alikuwa anauliza kweli, bila kejeli: "Lakini kwani lile gunia lenyewe liko wapi? Si achukue mle?"

Nilimjibu kwamba simsikii vizuri, nikakata simu. Mwaka mzima nilikuwa nimemcheka yule mtu, na mwaka mzima hakuwahi kufanya upumbavu uliofikia ule wangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kuna jirani yetu, nyumba ya nne kuelekea ziwani, ambaye mama hakuwahi kumheshimu. Wanaimba kwaya moja na wanasalimiana vizuri, ila nyumbani mama alisema udaga wa yule ni wa kulisha bata: unachelewa, hauna harufu, na mwenyewe hana subira ya kukwangua. Alilisema hilo kila msimu. Dharau yangu sikuiokota njiani.

Asubuhi iliyofuata mama alivaa kitenge cha kanisani, akachukua kikapu, akaniambia, "Twende." Sikuuliza wapi.

Jirani alikuwa amekaa mlangoni pa jiko anakwangua. Alitukaribisha, akatupa vigoda, akauliza habari za kila mtu na sisi tukauliza za kwake. Kisha mama akaweka kikapu chini.

"Nimekuja kuomba majani ya lundo lako," mama alisema. "Na vipande viwili vitatu vyenye ukungu. Nianzishie la kwangu."

Jirani akaacha kisu. "Na lile gunia lenu?"

Nilingoja mama aseme. Ilikuwa haki yake, na nilitaka aseme ili iishe.

"Limeharibika," alisema.

Jirani akanitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka kichwani. "Nilisikiaga limeenda Bunda kusoma," alisema. Hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na fungu kubwa la majani yaliyoshika ukungu na vipande vingi kuliko vilivyoombwa, akavipanga kwenye kikapu kwa mkono mwepesi, akafunika.

"Ya kwangu inachelewaga, mwenyewe unajua," alimwambia mama. "Uipe siku sita. Kabla ya sita usiwape watoto."

Mama akapiga goti kumshukuru. Sikuwahi kumwona akimpigia goti yule mama, na sikujua nitazame wapi.

Tulipotoka nilinyoosha mikono nimpokee kikapu. Kwetu binti mzima hatembei mikono mitupu nyuma ya mama yake aliyebeba mzigo. Hata mtoto wa miaka sita analijua hilo. Mama alikihamishia kikapu upande wa pili.

"Nipe nibebe, mama."

"Hapana," alisema. "Hii siwezi kukupa."

Akatangulia. Njia inapita mbele ya kanisa, kisha kwenye uwanja wa kuanikia dagaa, na kina mama walikuwa wamejaa pale wanageuza. Walitusalimia mmoja mmoja. Walimwona yeye na kikapu chake, wakaniona mimi na mikono yangu mitupu, wakarudi kugeuza dagaa.